Kompyuta ya Venanti Ilikuwa na Pande Mbili

Ukiiwasha kompyuta ya Venanti Bihemo, kabla ya kitu kingine chochote kioo kilikuwa cheusi, kisha kikaleta majina mawili, moja juu ya jingine: Ubuntu, Windows. Hapo ikasubiri sekunde kumi. Ukichagua, ilikuheshimu. Usipochagua, iliingia Ubuntu yenyewe, kwa sababu fundi aliyeitengeneza alikuwa mtu wa Ubuntu, na watu wa Ubuntu huamini kwamba binadamu akishindwa kuamua, ataangukia upande wa wema.

Steshenari ilikuwa Kasulu mjini, mkabala na stendi, kati ya fundi viatu na duka la dawa za mifugo. Mashine yenyewe ilitoka Kibondo. Mwaka 2012 mradi mmoja wa huko ulifika mwisho, kama miradi inavyofika, na vifaa vyake vikauzwa. Venanti alikwenda kununua akiwa na Longinus Ruhuye, waliyekua naye kijiji kimoja huko Titye na kukaa naye dawati moja kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Walirudi na basi, Venanti amepakata kioo, Longinus amepakata boksi la mashine yenyewe, kila mmoja akiwa na uso wa mtu aliyetoka kutoa mahari.

Njiani palikuwa na kizuizi. Askari akapanda, akauliza watu wanatoka wapi na wanakwenda wapi, kama ilivyo desturi ya barabara ile, ambako Muha, kwa lugha yake inayofanana na Kirundi, husafiri ndani ya nchi yake akiwa na majibu tayari. Akamtazama Venanti, akakitazama kioo, akashuka.

"Angekuuliza umezaliwa wapi?" Longinus akamtania.

"Ningemjibu kwa sauti ya chini."

"Kwa nini?"

Venanti alikuwa na furaha siku ile, na furaha haina breki. Akamweleza. Mwaka 1984 mama yake alivuka Mto Malagarasi kwenda kwenye matanga ya shangazi aliyeolewa Burundi. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Matanga yalichukua siku tatu, mtoto akachukua siku ya nne, shambani kwa wenyewe, kwenye migomba. Baada ya siku nane mama alirudi Titye na kitoto mgongoni, akamwambia mumewe, mumewe akasema mtoto ni mtoto, na habari ikaishia hapo. Baba alishafariki. Waliobaki wanaojua ni mama na mwenye habari.

"Na mimi sasa," alisema Longinus.

"Na wewe sasa."

Wakacheka mpaka Kasulu.

Kompyuta ilikuwa imekufa. Ilifufuliwa na Reverien, Mrundi aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kutoka kwa kibali pale kibali kilipopatikana. Aliifungua, akanusa ndani kama anayekagua maziwa, akasema: "Bon. Hii haikuzeeka. Hii imeuawa na flashi."

Wasiokuwepo miaka ile waelezwe. Kila mwalimu wa wilaya alikuwa na flashi shingoni, na kila flashi ilikuwa na virusi. Flashi ilitoka chuo cha ualimu ikaenda ofisini, ikatoka ofisini ikaenda steshenari, ikarudi nyumbani na kila ilichokiokota. Reverien akafuta vyote, akaweka Ubuntu kutoka kwenye sidii ya bure. Tangu siku hiyo virusi viliingia dukani kwa Venanti na kukaa tu, vinaonekana, havina la kufanya, kama wezi walioingia nyumba ya watu wasioelewa lugha yao. Venanti aliwaonyesha wateja. "Unaiona hii? Hii ndiyo imekula mitihani yako ya muhula." Akaifuta mbele yao. Walimu wakaanza kumwamini kuliko daktari.

Longinus hakufurahishwa.

"Haina Start," alisema. "Mteja akikaa hapo anatafuta Start kama mgeni anayetafuta choo."

"Atazoea."

"Hatazoea. Atakwenda kwa mwingine. Na nyimbo? Na sinema? Watu hawaji mjini kuandika barua, Venanti. Barua mtu anaandika akifiwa au akifukuzwa kazi."

Lilikuwa neno la kweli. Ndipo Reverien akaleta suluhu: Windows ikawekwa pembeni, diski ikagawanywa nusu kwa nusu. Asubuhi Ubuntu na Venanti: barua, wasifu wa waomba kazi, mitihani, na viapo vya kuzaliwa kwa wasio na vyeti, ambavyo Kasulu vilihitajika kuliko unga. Kuanzia saa nane Windows na Longinus: nyimbo kwenye memori kadi, sinema za kutafsiriwa, na kufungulia watu Facebook. Mtu alikuja na picha yake na jina lake, akatoka na akaunti. Nenosiri alilitunga Longinus, kwa kawaida jina la mteja na moja mbili tatu. Nusu ya mji ilizaliwa mara ya pili kwenye kiti kile.

Siku ya kukabidhi, Reverien alimvuta Venanti pembeni. "Nyumba hii ina vyumba viwili," alimwambia, "lakini ukuta haukufika kwenye paa. Wewe wa Ubuntu ukitaka unachungulia kule. Faili zake zote unaona, hata akiweka nenosiri. Yeye wa Windows huku kwako haoni kitu."

"Nichungulie nini?"

"Sijui. Nakwambia jinsi nyumba ilivyo."

Longinus aliweka nenosiri upande wake, refu, lenye namba, akawa analiandika huku amefunika kibodi kwa mkono wa kushoto. Venanti aligeuza uso kila mara, kama mtu mwenye adabu. Kuchungulia hakuchungulia. Nimewauliza watu wengi waliomfahamu kama wanaliamini hilo, na wote, hata waliomsema vibaya baadaye, walisema wanaliamini. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na wilaya ilimchukulia hivyo hivyo, bila kumshukuru.

Mambo yakaenda hadi mwaka 2014. Hapo simu zenye WhatsApp zikashuka bei, na vijana wakaanza kurushiana nyimbo wenyewe. Facebook nayo kila mtu alijifungulia mkononi. Longinus akaja saa nane, akachagua Windows, akakaa. Saa kumi alikuwa bado amekaa. Upande wa Venanti haukutikisika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuapa kwa WhatsApp kwamba amezaliwa.

"Wewe una bahati," Longinus alimwambia siku moja.

"Bahati gani? Nachapa siku nzima mgongo unauma."

"Ndiyo bahati yenyewe."

Mwezi wa tano mwaka 2015 Warundi walianza kuingia tena, kwa maelfu, na Nyarugusu ikafurika. Shirika moja likabandika tangazo: karani wa usajili, nafasi moja. Awe Mtanzania, ajue kompyuta, na akijua Kiha au Kirundi itakuwa nyongeza. Venanti alilisoma mara mbili. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mke, na shahada ya kitu chochote hakuwa nayo. Lilikuwa tangazo la kwanza maishani mwake lililomwelezea yeye. Hata viatu vyake lingeweza kuvitaja.

Akaomba. Longinus naye akaomba. Venanti ndiye aliyemchapia barua, na kumsahihishia. Wakaenda kwenye usaili pamoja kwa bodaboda moja. Msimamizi wa ajira alikuwa Shamsia, mwanamke wa Tanga, mpole, mwenye mafaili yaliyopangwa kwa rangi. Jumatatu akampigia Venanti simu. Amepata. Aje na cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa.

Jumanne picha yake ilikuwa kwenye Facebook, kwenye kundi liitwalo Kasulu Yetu Leo.

Ilirushwa na mtu anayejiita Mzalendo Halisi. Maneno yalikuwa machache na yamepangwa vizuri. Mnamjua huyu? Kazaliwa Burundi, ng'ambo ya Malagarasi, kwenye migomba, mama yake alipokwenda matanga ya shangazi. Leo anakula ajira ya Mtanzania. Sambaza.

Wakasambaza. Mmoja akaandika kwamba aliijua ile pua tangu zamani. Mwingine akaandika kwamba lafudhi yake ilimtia shaka siku alipomchapia wasifu, naye mwandishi huyo akiwa ametoka Heru Ushingo, mahali ambapo lafudhi ni hiyo hiyo. Wa tatu, ambaye picha yake ilimwonyesha na kapelo ndani ya gari lisilo lake, alitaka warudishwe wote kwao. Kiapo cha kuzaliwa cha mzalendo huyo kilichapwa na Venanti, na Venanti alikumbuka jinsi mwenyewe alivyosita kwenye mstari wa mahali. Nyingi kati ya akaunti zile zilifunguliwa dukani kwake, kwenye kiti chake, kwa umeme wake.

Jumatano Shamsia akamwita. "Kaka Venanti, mimi mambo ya Facebook siyafuati. Ila imekuja na barua. Na barua ni barua."

"Nani kaandika?"

"Raia mwema. Hana jina. Wewe lete cheti, tumalize."

"Cheti sina. Titye nani ana cheti?"

"Basi kiapo. Mama yupo hai? Aje aape ulizaliwa Titye. Mpaka kesho jioni, kaka. Keshokutwa jina linakwenda makao makuu."

Akapanda pikipiki hadi Titye. Mama yake, Epifania, alikuwa anaanika maharage uani, naye hakuacha kuanika.

"Nikaape nini?"

"Kwamba ulinizaa hapa."

"Sikukuzaa hapa."

"Mama, ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, mwana wanje, iandike bila mimi." Akageuza maharage. "Baba yako wa Titye, mimi wa Titye, babu zako wamezikwa pale unapopaona. Mimi nitaapa hayo mchana kutwa. Lakini niweke mkono kwenye Biblia niseme sikwenda kumzika shangazi? Atanisikia."

"Watu wameshajua, mama. Wamelitoa lote, mpaka migomba."

Hapo mama akanyanyua uso. "Nani kawaambia? Mimi nilimwambia baba yako, na baba yako hasemi na mtu tena. Wewe ulimwambia nani?"

Mama yake hakuwa na Facebook. Simu yake ilikuwa ya tochi, na hata tochi ilikuwa imeungua. Hesabu ya watu waliobaki ilikuwa fupi kiasi cha kuumiza, na Venanti hakutaka kuimaliza. Alirudi mjini polepole, akijiambia kwamba pengine kwenye lile basi kulikuwa na mtu kiti cha nyuma.

Alhamisi akampeleka mama yake kwa Shamsia, na mama akasema kweli yote, na matanga ndani yake. Venanti akaongeza kilichobaki: mtoto wa Watanzania ni Mtanzania hata akizaliwa mwezini, sheria ya uraia inasema hivyo. Na kweli inasema. Lakini sheria ina kurasa nyingi, haina picha, na hakuna aliyekuwa ameisambaza.

"Kwa hiyo yaliyoandikwa ni kweli?" Shamsia akauliza.

"Ni kweli nilizaliwa kule. Si kweli kwamba mimi ni wa kule."

Shamsia aliinamia mafaili yake. Alionekana kuumia, na hilo halikusaidia. "Nakuelewa, kaka. Lakini nikipeleka hili juu watataka mwanasheria, na watu wanaingia kambini usiku na mchana. Kesho itabidi nichukue wa akiba."

"Wa akiba ni nani?"

"Si rafiki yako? Mliyekuja naye pikipiki moja."

Asubuhi ya Ijumaa Venanti alifungua duka kabla ya fundi viatu. Akawasha. Yale majina mawili yakatokea, zikapita sekunde kumi, ikaingia Ubuntu. Kisha, kwa mara ya kwanza ndani ya miaka mitatu, akabonyeza alama ya diski ya pili.

Ilifunguka bila hodi. Sinema, nyimbo, picha za wateja waliofungua Facebook, na kwenye nyaraka faili mbili: RAIA MWEMA, na RAIA MWEMA YA MWISHO. Alifungua ya mwisho. Maneno yalisogea kidogo pembeni, kama yanavyosogea kila barua ya upande ule inapofunguliwa upande huu, na Venanti, kwa mazoea, akayarudisha mahali pake kabla ya kusoma.

Yah: Uraia wa Ndugu Venanti Bihemo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mpangilio ulikuwa sahihi, nafasi ziko sawa, anwani ya mpokeaji iko kushoto panapotakiwa. Aya ya kwanza ilitaja jambo, ya pili ikatoa sababu, ya tatu ikaomba kwa unyenyekevu. Hivyo ndivyo alivyomfundisha Longinus, kwenye kiti kile, mwaka 2013. Kosa hakuliona hata moja. Ile faili ya kwanza, alipoifungua nayo, ilikuwa na makosa tisa. Mwandishi alikuwa amejitahidi.

Saa nne Longinus akaingia, amevaa shati la usaili.

"Kaka, pole sana. Nimesikia. Watu wabaya."

"Wabaya."

"Mimi sikutaka, wamenipigia wenyewe. Nikaona, bora ibaki kwetu kuliko achukue mtu wa mbali."

"Ni kweli."

"Sasa wanataka kiapo. Wamekuwa wakali tangu juzi, kila mtu kiapo. Nichapie chapuchapu, wakili ananisubiri."

Venanti akafungua karatasi mpya. "Umezaliwa wapi?"

"Venanti, acha utani. Si Titye?"

"Sikuwepo."

"Haya, Titye."

Akaandika Titye. Akaandika tarehe, jina la baba, jina la mama, akauliza kabila ingawa alilijua, akaandika Muha. Akachapa. Printa ikatoa karatasi, ikapumua, ikatoa ya pili. Akamkabidhi zote mbili.

Longinus alisoma ya juu akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akafunua ya chini. Nje kondakta aliita abiria wa Kigoma, akaita tena.

"Umeitoa wapi hii?"

"Upande wako."

"Upande wangu una nenosiri."

"Unalo."

"Ulilijuaje?"

"Silijui mpaka leo. Siku zote huku kulikuwa kunaonekana kule. Reverien aliniambia siku ya kwanza."

Longinus akaketi kwenye kiti cha wateja. Rangi yake ilirudi taratibu, na iliporudi ilikuwa ya hasira. "Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu unaona vitu vyangu."

"Miaka mitatu nilikuwa siangalii."

"Nitajuaje mimi? Mtu unamwamini, unaweka mambo yako, kumbe mwenzio ana mlango wa nyuma. Ungeniambia."

"Ningekwambia."

"Ndiyo. Hayo si mambo ya kufanyiana, Venanti. Tumetoka mbali."

Alisema hivyo bila kutabasamu, na aliamini. Venanti aliniambia baadaye kwamba kwa dakika nzima alijisikia mkosaji, hadi alipokumbuka nani ana karatasi gani mkononi.

"Nilikuambia kwenye basi," Venanti akasema.

"Na mimi nimesema uongo? Nionyeshe mstari mmoja wa uongo hapa."

"Haupo. Ungekuwepo ningekwenda nao kwa Shamsia sasa hivi."

Longinus akaipitia tena ile karatasi. Kisha, kwa sauti nyingine: "Wewe una viapo. Una mitihani. Saa nane ikifika mimi naangalia sekunde zikihesabika, sina hata wa kumwekea wimbo. Ungeipata kazi ile ungeniachia nini?"

"Upande wote wa asubuhi. Nilishamwambia mke wangu."

Longinus akakunja kiapo, akakitia mfukoni. Ile nyingine akaiweka juu ya printa, uso chini, akatoka. Alikwenda kwa wakili, akaapa.

Mwezi wa sita alirusha picha Facebook, amevaa kizibao cha shirika, nyuma yake mahema. Wakamsifu wengi. Mmoja aliandika: mzalendo halisi. Huyo hakuwa anajua lolote, alikuwa anasifu tu.

Dukani hakurudi. Jina jipya la Venanti, Mrundi, lilibaki. Mwanzoni lilikuwa la matusi, kisha likawa la kuelekezana: nenda kwa Mrundi, mkabala na stendi, anachapa vizuri. Hata Warundi wenye vibali walianza kuja, wakitegemea ndugu. Reverien alipopita mwezi wa nane alilileta hilo kama taarifa.

"Kambini wanasema wewe ni wetu."

"Ukawaambiaje?"

"Nimekataa. Nimewaambia huyo Kirundi chake ni cha Titye, anaongea kama anatafuna kiazi."

Venanti alicheka, mkewe akachungulia kutoka nyuma kuona kuna nini, maana alikuwa hajamsikia akicheka tangu mwezi wa tano.

Reverien akaitazama mashine ikiwaka. "Nikufutie upande ule? Nafasi itaongezeka mara mbili, na haitakuwa inasubiri tena."

"Acha."

"Kuna nini kule?"

"Kuna barua. Nimeisahihisha vizuri, sitaki ipotee."

Sekunde kumi zikaisha, ikaingia Ubuntu. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja na bahasha ya kaki, anasoma kibao cha duka na hakipati anachotafuta.

"Samahani baba, nimeelekezwa kwa Mrundi. Ni hapa?"

Mwanzoni mwa kiangazi alikuwa bado anawasahihisha wanaomwita hivyo.

"Ni hapa, mama," alisema. "Karibu. Ni kiapo?"